Alama ya Kutoa

Ijumaa ya mwisho ya Novemba 2024, saa tisa usiku. Mtoto ameshiba, amelala kifuani kwangu mdomo wazi. Mimi usingizi umekata. Nikaichukua simu kwa mkono mmoja nikafungua slipu ya mshahara iliyoingia jioni ile.

Malipo ya uzazi: pauni 736.12.

Kodi: -62.40.

Nikasoma tena. Nikafuta kioo cha simu kwa pindo la kanga, nikidhani ni uchafu ule mstari mdogo kabla ya sita. Haukufutika. Alama ya kutoa. Safari hii hawakukata kodi, walinirudishia. Pesa iliyoingia benki ilikuwa imezidi malipo yenyewe.

Mwenzangu, nilifanya nini? Nilifurahi? Wapi. Moyo ulinilipuka. Niliwaza: wamekosea. Na watu wa mishahara wakikosea kwa kukuzidishia, ipo siku watagundua, na watakata kwa mkupuo mwezi ambao huna hata ya nepi. Asubuhi nikazihamishia zile pauni 62 kwenye akaunti ya pembeni. Nikaiita “Ya Watu”.

Desemba ikaja na -25.60. Nayo nikaipeleka kwenye Ya Watu.

Januari, -62.40 tena.

Leicester, huku Uingereza, ina baridi mwezi wa kwanza jamani. Nyumba yetu umeme na gesi ni vya kununua kwanza ndipo utumie, LUKU ya Kizungu, na kuna jioni mume wangu alirudi kutoka kwenye basi lake akanikuta nimekaa na koti sebuleni, mtoto nimemviringisha kama andazi, kisa nataka mita ifike Jumatatu. Huku nina pauni 150 nimezificha nisije nikaulizwa.

Lakini baridi siyo iliyoninyima raha wiki zote zile. Kilichoninyima raha ni barua ya mtu mwingine.

## Barua ya Septemba

Nina shoga yangu wa Mombasa. Tulijuana kwenye shifti za usiku, nyumba ya kulelea wazee, miaka kadhaa nyuma, kabla hajahamia mwajiri mwingine. Septemba, tumbo langu limefika kidevuni, alikuja kunitembelea na bahasha ya kahawia.

“Hebu nisomee hii, wewe wajua mambo ya makaratasi.”

Mimi najua mambo ya makaratasi! Sifa hiyo niliipata kwa kumjazia mtu mmoja fomu ya maktaba.

Barua ilisema katika mwaka wa kodi uliokwisha Aprili alilipa kodi kupita kiasi, na anaweza kudai pauni 1,141.20. Juu kulikuwa na herufi na namba: P800. Chini kulikuwa na maelekezo ya namna ya kuzidai mtandaoni.

Nikacheka. Nikamwambia hao ni matapeli. Mwaka 2022 mimi nilishapigwa pauni 80 na meseji iliyojifanya ya kampuni ya vifurushi, kwa hiyo nilijiona nimehitimu. Serikali gani hiyo ikuandikie kwamba ina hela yako, halafu ikubembeleze uzidai? Akaniambia kwao Kenya kila mwaka kabla ya Juni 30 watu wanajaza ritani, na kurudishiwa kodi uliyozidisha ni jambo linalojulikana, hata kama mtu anasubiri. Nikamjibu kama dada mkubwa:

“Na hata kama ni ya kweli, una viza. Usiguse.”

Akakunja barua, akairudisha kwenye bahasha. Tukaendelea na chai.

Oktoba, mimi niko kwenye arobaini yangu, yule yule alikuwa anakuja kila Jumamosi na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, ananikanda kiuno kwa maji ya moto, anaosha vyombo, anaondoka. Jumamosi moja akiwa mlangoni aliniomba nimkopeshe pauni 40, mtoto wake amekua, viatu vinambana.

Nilimpa. Nilijiona mwema sana.

## Nilichokuwa sielewi

Nimefanya kazi Tanzania miaka minne kabla ya kuja huku. Kodi ya mshahara kwetu niliizoea kama jambo la mwezi. Chini ya shilingi 270,000 hukatwi, ukizidi unakatwa, slipu inatoka, yameisha. Mwezi unaofuata ni habari nyingine. Mwajiriwa wa kawaida mwenye kazi moja hakai kuwaza mwaka.

Uingereza wanakata kila mwezi vile vile, lakini hesabu yenyewe ni ya mwaka, kuanzia Aprili 6 hadi Aprili 5. (Usiniulize kwa nini mwaka unaanzia tarehe 6. Nimesoma, ni habari za kalenda za karne ya 18, nikaacha.) Katika mwaka huo pauni 12,570 za mwanzo hazina kodi. Wanazigawa kwa 12. Yaani kila mwezi unapewa kibaba cha kama pauni 1,048 ambacho mtoza kodi hakigusi. Kinachomwagika juu ya kibaba ndicho kinachokatwa asilimia 20.

Mimi kazini napata pauni 2,100 kwa mwezi. Aprili hadi Agosti kibaba kilijaa kikafurika, nikakatwa kama pauni 210 kila mwezi, kama kawaida.

Septemba nikaanza likizo. Hapa likizo ya uzazi inafika wiki 52, na nilipomwambia mama Tanga alipiga vigelegele kwenye simu, maana yeye anajua siku 84 za Tanzania. Sikumwambia kwamba zile siku 84 zina mshahara kamili. Huku malipo ya kisheria ni wiki 39 tu: sita za kwanza asilimia 90 ya wastani wa mshahara wako, 33 zilizobaki kiwango kimoja, kilichokuwa pauni 184.03 kwa wiki mwaka ule wa 2024/25, au asilimia 90 kama hiyo ndiyo ndogo. Wiki 13 za mwisho unakula upepo.

Na malipo hayo ya mwajiri yanahesabiwa kama mshahara. Yanatozwa kodi. Hapo ndipo nilipokuwa nimejichanganya: nilijua yanatozwa kodi, kwa hiyo nikiona sijakatwa, na zaidi nimeongezewa, nikaamini kuna kosa.

Nilisahau kibaba.

Wiki nne za pauni 184.03 ni pauni 736.12. Kibaba ni 1,048. Kimebaki na nafasi ya pauni 312 ambayo sikuijaza. Kwa kuwa hesabu ni ya mwaka, nafasi ile haipotei. Inarudi nyuma kufunika sehemu ya pesa za kiangazi zilizokwisha kukatwa. Asilimia 20 ya 312 ni 62 na senti. Mwezi wenye wiki tano za malipo nafasi ni ndogo, ndiyo maana Desemba ilikuwa 25.60.

Hakuna aliyekosea. Zilikuwa hela zangu za Mei na Juni, za shifti za usiku nilizofanya miguu imevimba, zimerudi zikiwa zimepungukiwa na jina la mwenyewe.

Haya yote niliyaelewa Januari, baada ya kumpigia mama mmoja wa ofisi ya mishahara kazini. Nilijiandaa kwa maneno ya kuomba radhi. Akaniuliza mara mbili kwa nini naomba radhi.

Akaniambia jambo moja ambalo slipu haikunieleza: michango ya bima ya taifa hairudi hivyo. Ile wanaihesabu kila mwezi peke yake, kama kodi yetu ya nyumbani. Ukichangia Juni, umechangia.

## Herufi moja na namba moja

Nilipokata simu niliketi kitandani nikaikumbuka ile bahasha ya kahawia.

Hesabu niliifanya nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Shoga yangu alikuwa anapata pauni 2,000. Alifanya kazi Aprili hadi Septemba 2023, miezi sita, akiwa amehama mwajiri mwezi wa Juni. Alijifungua Novemba. Kwa kuwa kwa mwajiri mpya hakufikisha zile wiki 26 zinazotakiwa kufikia wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua, hakupata malipo ya uzazi ya mwajiri. Alipata posho ya uzazi, ile inayolipwa na serikali, iliyokuwa pauni 172.48 kwa wiki mwaka ule.

Na posho ile haitozwi kodi kabisa. Haihesabiwi hata kwenye kibaba.

Kwa hiyo mapato yake yenye kodi kwa mwaka mzima: 2,000 mara sita. Pauni 12,000.

Chini ya 12,570.

Yaani hakupaswa kulipa kodi hata senti moja mwaka ule, na alikuwa amekatwa kama pauni 190 kila mwezi kwa miezi sita. Nikazidisha. 1,140 na kitu. Namba ya kwenye barua.

Kwa nini yeye hakuona alama ya kutoa kwenye slipu zake kama mimi? Nilimwomba baadaye anitumie picha ya slipu ya zamani. Msimbo wangu wa kodi, ule unaomwambia mwajiri akukate vipi, unasomeka 1257L. Wake ulisomeka 1257L M1.

Herufi moja na namba moja. Alipohamia kazi mpya alikuwa hana P45, ile karatasi ya mwajiri wa zamani inayoonyesha umepata nini na umekatwa nini tangu Aprili. Akajaza fomu ya mfanyakazi mpya, akaweka alama mahali pa haki, kwamba hii ndiyo kazi yake pekee lakini alikuwa na nyingine mwaka huo huo. Mfumo ukampa M1. Maana yake: kila mwezi uhesabiwe peke yake, usiangalie nyuma. Alipoacha kulipwa mshahara, vibaba vyake vya Oktoba hadi Machi vilikaa vitupu na hakuna aliyevigusa. W1 ni ndugu yake, kwa wanaolipwa kwa wiki. Wengine wanaona X.

Msimbo wenye mkia huo ukisahihishwa katikati ya mwaka, slipu inayofuata inarekebisha kila kitu yenyewe. Ukiachwa, unasubiri mwaka uishe, watu wa kodi walinganishe mahesabu, ndipo barua za P800 zianze kutoka kuanzia Juni. Zamani ukikaa kimya hundi ilikufuata nyumbani. Tangu katikati ya 2024 lazima udai mwenyewe.

Yeye alitaka kudai.

## Woga una anwani

Nimejiuliza sana kwa nini nilimwambia “usiguse” kwa uhakika ule.

Kwenye karatasi za viza zetu kuna mstari unaosema huruhusiwi kuchukua pesa za umma. Ukikaa na mstari ule miaka unaota mizizi. Unaogopa hata leso ya bure hospitalini. Nikajenga kichwani ukuta mmoja mrefu, upande huu mshahara, upande ule kila kitu chenye nembo ya serikali, na kila cha upande ule ni haramu.

Ukuta haujajengwa hivyo. Posho ya mtoto, ile wanayopata wenyeji, imo kwenye orodha ya pesa za umma, na kwa viza kama yetu hiyo kaa mbali nayo. Malipo ya uzazi ya mwajiri hayamo. Posho ya uzazi ya serikali haimo, kwa sababu imetokana na kazi uliyofanya. Na kodi uliyozidisha kulipa itakuwaje pesa ya umma? Ni ya kwako, ilipitiliza kituo.

Mama yangu naye, nilipomsimulia, alisema, “Serikali haimpi mtu hela bure, mwanangu.” Nikamwambia mama, hata hii haikunipa bure. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama mtoto anacheua.

Niseme na upande wa pili, maana woga wangu haukuwa wa kijinga kabisa. Matapeli wa kurudishiwa kodi wapo tele. Meseji yenye kiungo inayokutaka uweke namba ya kadi ya benki, futa. Na kuna kampuni halali kabisa zinazokudaia fedha zako kwa niaba yako kisha zinamega sehemu nene, kwa kazi ya dakika 20. Barua ya shoga yangu ningeweza kuihakiki kwa kumwambia afungue akaunti yake ya kodi kwenye tovuti ya serikali, aandike anwani mwenyewe bila kubonyeza kiungo cha mtu. Ingekuwa ya kweli angeikuta humo.

Sikumwambia hivyo. Nilicheka.

## Simu

Wiki mbili niliiahirisha ile simu. Nilijipa sababu: mtoto ana mafua, leo yuko shifti, labda barua ameshaitupa na nitamtonesha bure. Kila Jumamosi alipokuja nilimwangalia mikono yake kwenye sinki langu nikashindwa.

Mwishowe nilimwambia akiwa ameshika sufuria.

“Ile barua ya kahawia uliiweka wapi?”

“Barua gani?”

“Ya kodi. Niliyokwambia ya matapeli.”

Akazima bomba. Nikaeleza yote kwa pumzi moja: kibaba, M1, 12,000 na 12,570. Sikumtazama. Nilipomaliza alikuwa amekaa juu ya mashine ya kufulia, povu linamdondoka kwenye viwiko.

“Wee. Yaani nilikuwa na elfu moja kwa kabati, na nilikuja kukopa arubaini kwako?”

“Ndiyo.”

“Arubaini.”

“Ndiyo, dada.”

Bahasha ilikuwepo. Alikuwa ameitumia kuwekea kadi za chanjo za mtoto. Na hata angeitupa asingepoteza haki: unaweza kurudi nyuma miaka minne, mwaka ule wa 2023 hadi 2024 mlango wake haufungwi hadi Aprili 5, 2028. Tulikaa meza ya jikoni, simu yake katikati, namba yake ya bima ya taifa kwenye kipande cha karatasi. Tukaandika anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kama watoto wa darasa la kwanza. Kwenye akaunti, namba ilikuwa pale pale: 1,141.20. Akabonyeza kudai. Skrini ikasema siku tano za kazi.

Mimi usiku ule niliifuta akaunti ya Ya Watu. Nikawasha hita ya sebuleni, nikaiacha iwake mpaka mume wangu akavua sweta bila kuulizwa.

## Mwaka unaokuja

Sasa nimekuwa mtu wa kusoma slipu kama mwingine anavyosoma maoni ya watu. Hadi Februari hii ya 2025, ninapoandika haya, nimerudishiwa pauni 212.80, na Machi, mwezi wa wiki tano, nasubiri 25.60 nyingine.

Kuanzia Aprili hesabu inaanza upya, na nimeona jambo jingine. Nitabakiwa na wiki tisa za malipo, kwa kiwango cha mwaka wa 2025/26 cha 187.18, halafu miezi mitupu hadi Septemba, halafu narudi kazini siku tatu kwa wiki. Ukijumlisha yote sifiki 12,570. Kibaba cha mwaka kitabaki na nafasi, na safari hii hakuna kodi niliyolipa nyuma ya kurudishiwa. Lakini wanandoa wanaruhusiwa jambo: mwenye mapato ya chini ya kiwango kile anaweza kumhamishia mwenzake pauni 1,260 za kibaba chake cha mwaka, mwenzake akiwa analipa kodi ya asilimia 20. Kwa mume wangu ni pauni 252 kwa mwaka. Anaomba yule mwenye mapato madogo, yaani mimi. Ameshaanza kuniita bosi.

Mwaka huu unaoisha sikustahili, nilishapita kiwango. Shoga yangu, kwa ule mwaka wake wa pauni 12,000, alistahili, ila mumewe yuko Mombasa, halipi kodi huku. Tuliangalia hilo pia. Siku hizi tunaangalia kila kitu.

Hela zake ziliingia siku ya nne. Alinitumia picha ya skrini ya benki, halafu picha ya viatu vya mtoto, vyekundu, vya kufunga kwa velkro. Nikasubiri. Baada ya kama saa nzima nikamwandikia kwa utani, je, na ile arubaini yangu?

Akajibu kwa sauti, nyuma nasikia mtoto anapiga kelele na maji yanachemka:

“Hiyo nimeikata. Faini. Na Jumamosi siji kuosha vyombo, njoo wewe.”

Nilikwenda.